Kongosho la mbwa wangu halifanyi kazi: nimlishe vipi, na ataishi?

Swali: "Shikamoo daktari. Niko Arusha, nina mbwa dume aina ya German Shepherd, mwaka mmoja na miezi minane. Tangu Pasaka anakula kuliko mbwa wawili lakini mbavu zinahesabika. Alikuwa kilo 29, sasa 22. Choo chake ni kingi ajabu, rangi ya udongo wa manjano, kinang'aa mafuta, harufu inafika kwa jirani, na akipata nafasi anakila tena. Dawa ya minyoo amepewa mara tatu. Daktari wetu alituma damu nje, kipimo cha TLI kikarudi 1.1, akasema kongosho limekufa na ni ugonjwa wa maisha. Nimeanza kapsuli za kongosho za binadamu kutoka famasi, wiki ya tatu sasa. Nafuu ni ndogo na bei inanishinda. Chakula chake ni ugali wa dona na dagaa. Nasikia wengine wanatumia kongosho bichi la ng'ombe, ni kweli? Ataishi? Jirani mmoja ananishauri achomwe sindano alale, mwingine anataka kuleta mbwa wake jike apandwe kabla huyu hajafa."

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na jirani wa sindano, maana naona ndiye anayekukosesha usingizi. Mwambie asubiri. Mbwa wa umri huu, mwenye hamu ya kula kiasi hicho, hajafika huko. Wengi wenye ugonjwa huu hurudisha uzito, hulinda geti na huzeeka. Wapo wasioitikia, na nitawataja, lakini wa kwako bado hajapewa matibabu yakamilike. Amepewa nusu, tena nusu iliyofungwa ndani ya kapsuli isiyomfaa sana.

Kongosho lina kazi mbili. Moja ni kutengeneza insulini inayodhibiti sukari. Nyingine, inayochukua sehemu kubwa ya kiungo chenyewe, ni kutoa vimeng'enya vinavyomiminika kwenye utumbo mwembamba ili kuvunja mafuta, protini na wanga. Kwa mbwa wako hii ya pili ndiyo iliyokufa: kinga ya mwili wake imezishambulia chembe zinazotoa vimeng'enya mpaka zikanyauka. Upande wa insulini kwa kawaida hubaki salama. Dalili hazijitokezi mpaka karibu asilimia 90 ya uwezo iwe imepotea, kwa hiyo usijilaumu kwamba ulichelewa. Siku ulipoanza kuziona mbavu, uharibifu ulikuwa umeshamalizika. German Shepherd ndio wanaoongoza kwa ugonjwa huu, Rough Collie nao wamo, na wengi huanza kuugua kati ya mwaka mmoja na minne.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Chakula kinaingia, hakivunjwi, kinatoka. Kumwongezea ugali bila vimeng'enya ni kujaza pakacha maji. Na usimpige kwa kula kinyesi chake: kina chakula ambacho mwili wake haukukipata, naye pua yake inamwambia hivyo. Kizoe mapema, basi.

Jibu la 1.1 halina ubishi. TLI hupima tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, na mtangulizi wake, ambazo kongosho zima huvujisha kidogo kidogo kwenye damu. Lililonyauka halina cha kuvujisha. Maabara ya utumbo ya Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambako sampuli nyingi hupelekwa, kwa miaka mingi ilihesabu 5.7 hadi 45.2 mikrogramu kwa lita kuwa kawaida, na 2.5 kushuka chini kuwa ugonjwa. Kinachoangukia katikati hurudiwa baada ya mwezi. Daktari wako alifanya la maana kutuma damu badala ya kubahatisha, maana huku kwetu mbwa anayekonda ana washukiwa wengi: safura, giadia, homa za kupe, magonjwa ya utumbo wenyewe. Wasomaji wengine mzingatie kwamba kipimo hiki ni cha mbwa. Maabara ya hospitali ya watu haiwezi kukupimia, na vile vipimo vya kawaida vya amilasi na lipasi haviuthibitishi ugonjwa huu.

Tuje kwenye kapsuli. Chembechembe zilizomo ndani yake zimepakwa gamba linalostahimili asidi ya tumbo ili ziyeyukie utumboni. Kwa binadamu hilo ni jambo jema. Kwa mbwa mara nyingi chembe hubaki tumboni huku chakula kimetangulia, zikija kuyeyuka kazi imeshapita. Wapo wanaoendelea nazo vizuri, lakini unga wa vimeng'enya usio na gamba, uliochanganywa na chakula chenyewe, ndio ninaouanzia mimi. Kipimo cha mwanzo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za mwili, kila mlo. Kwake ni vijiko viwili na kidogo. Chakula kiwe baridi au vuguvugu, kamwe kisiwe cha moto, kwa sababu joto huviua vimeng'enya. Kilowanishe, ukoroge mpaka kila sehemu ipate unga. Watu wengi huacha mchanganyiko ukae dakika 20 ndipo wampe. Si lazima, vimeng'enya hufanya kazi hata bila kusubiri, ila unga mkavu huchubua fizi na ulimi. Ukiona damu mdomoni, au ghafla anasogelea bakuli na kurudi nyuma, ongeza maji na upunguze unga kidogo. Wewe mwenyewe usiuvute puani, na kopo lisikae juu ya jiko.

Kongosho bichi? Umesikia kweli. Lilitumika tangu kabla unga haujazagaa madukani na linafanya kazi hadi leo. Kwa bei za huku kwetu, kwa watu wengi ndilo litakalomfanya mbwa aendelee kutibiwa mwaka wa pili na wa tatu, hivyo nitalieleza kwa urefu.

Kwanza hakikisha unauziwa kongosho. Bucha nyingi hazina habari nalo, hutupwa pamoja na mafuta ya utumbo, na ukiliulizia utafungiwa bandama. Bandama ni bapa, ndefu, ya zambarau iliyokolea, ukiikata inatoka damu. Kongosho lina rangi ya waridi iliyopauka, halina umbo la kueleweka, limejaa vinundu vidogo vilivyoshikana, na limejishikiza kwenye mkunjo wa kwanza wa utumbo mwembamba baada ya tumbo. Nenda machinjioni mwenyewe alfajiri, uongee na wanaosafisha matumbo. Muuza nyama muache na steki zake. Beba ndoo yenye barafu. Kongosho lina vimeng'enya vya kuvunja nyama na lenyewe ni nyama: likikaa juani litajimeng'enya, ukifika nyumbani una uji.

Nyumbani toa mafuta yanayolizunguka, lisage au ulikatekate laini, pima kwenye mzani wa jikoni, funga vifuko vya mlo mmoja mmoja, gandisha. Kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri nguvu yake hudumu miezi kadhaa. Usiku hamishia vifuko vya kesho kwenye friji viyeyuke polepole. Usivitumbukize kwenye maji ya moto, usitie kwenye maikrowevu, na zaidi ya yote usilichemshe eti kuua vijidudu. Ukilipika umempa kitoweo, dawa imekufa. Kiasi kinachotumika ni gramu 30 hadi 90 kwa kila kilo 10 za mwili, kila mlo. Wako mwanzishie gramu 100 kwa mlo, uchanganye vizuri na chakula, uangalie choo kinasemaje. Kwa milo mitatu hiyo ni gramu 300 kwa siku, yaani unaweza kumaliza kongosho zima la ng'ombe kila siku, kwa hiyo mapatano yako na watu wa machinjioni yawe ya kudumu, si ya kuokoteza.

Hatari ipo na sitaificha. Viungo vya ndani vibichi vinaweza kubeba salmonela, na friza haiiui. Kubwa zaidi kwa mtu wa Arusha ni yule tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus. Mbwa humpata kwa kula viungo vibichi vyenye malengelenge ya maji, hasa ini na mapafu, kisha mayai yanayotoka kwenye kinyesi chake yakimwingia binadamu hujenga uvimbe kwenye ini au mapafu ya mtu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya maeneo yaliyorekodiwa kuwa na ugonjwa huo kwa wingi zaidi duniani, na Umasaini haukusalimika. Basi chukua kongosho la ng'ombe aliyekaguliwa na kupigwa muhuri tu, usikubali kipande cha ini kama nyongeza, ligandishe siku kadhaa kabla ya kulitumia, na mpe prazikwanteli, dawa ya tegu, kila baada ya wiki nne hadi sita. Osha ubao na kisu kwa sabuni. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au mtu ambaye kinga yake imeshuka, nakushauri ujibane ununue unga. Unga huo mwingi hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Nyumba ambazo nguruwe haingii, la ng'ombe linatosha.

Chakula sasa. Dona iache. Nyuzinyuzi za pumba hupunguza nguvu ya vimeng'enya na huongeza choo, na huyu hana choo cha kuongeza. Maharage, kabichi na mchicha vile vile. Mpe wali mweupe ulioiva ukalainika, au ugali wa sembe, pamoja na kuku bila mifupa, nyama ya ng'ombe au mayai yaliyochemshwa. Dagaa si sumu, lakini wa kukaushwa wana chumvi na mchanga; waoshe, wasiwe ndio mboga ya kila siku. Mafuta usimnyime. Ushauri wa zamani wa kukata mafuta kabisa umepitwa na wakati: mbwa aliyebaki mifupa anahitaji nishati, na mafuta ndiyo yanayobeba vitamini A, D, E na K. Kiasi cha wastani, si ya kukaangia yanayoelea. Wa pwani huniuliza mafuta ya nazi. Hayana ajabu yoyote hapa, na mbwa wengi hawayapendi. Akiendelea na chakula cha nyumbani muda mrefu, daktari wako amwongezee kalsiamu, kwa sababu wali na nyama havina ya kutosha. Ukipata cha dukani chenye nyuzinyuzi kidogo ni sawa pia. Milo iwe mitatu kwa mwezi au miwili ya kwanza, halafu miwili, na kadiria chakula kwa uzito anaotakiwa kuwa nao, zile kilo 30 na zaidi, usikadirie kwa 22 za sasa. Usibadilishe kila kitu siku moja, hutajua kipi kimemsaidia na kipi kimemharisha.

Na hapa ndipo matibabu mengi yanapovunjika: mlinzi. Saa sita usiku anakula ugali wake na maharage, mbwa anamtazama, anatupiwa tonge. Mtoto anadondosha biskuti. Mgeni anamrushia mfupa. Chakula chochote kilichoingia bila vimeng'enya hakisagwi, kinachachia utumboni, na kesho yake una kinyesi cha majimaji na unadhani dawa imeshindwa. Kaa na mlinzi umweleze, tena umpe sababu, si amri tu. Funga pipa la taka. Ukitaka kumtuza mbwa kwa kitu, toa kwenye bakuli lake lililokwisha kuchanganywa.

Sasa lile ambalo barua yako haikuligusa kabisa, na ninadhani ndilo linaloielezea nafuu yako ndogo kuliko hata kapsuli. Vitamini B12. Ili utumbo uinyonye, unahitaji protini maalumu ya kuibeba, na kwa mbwa protini hiyo hutengenezwa zaidi na kongosho. Kongosho likifa, B12 ya kwenye chakula inapita tu. Zaidi ya nusu ya mbwa wenye ugonjwa huu hupungukiwa nayo, na wanaopungukiwa sana ndio hufanya vibaya: hawanenepi hata unga ukiwa sahihi, wananyong'onyea, hamu ya kula inakufa. Ipimwe ikiwezekana. Isipowezekana mimi humpa tu, kwani ziada hutoka kwenye mkojo.

Dawa yenyewe ni sianokobalamini, ile ile ya binadamu, na mara nyingi huja kwenye vichupa vya mikrogramu 1000 kwa mililita. Mbwa wa kilo 20 hadi 30 hupewa mikrogramu 800, yaani mililita 0.8 ya hiyo, chini ya ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha sindano moja baada ya mwezi, halafu hupimwa tena mwezi unaofuata. Daktari wako atakuonyesha: unavuta ngozi ya mabegani iwe kama kihema, unaingiza sindano chini yake, unasukuma polepole, ukiwa na bakuli la wali mbele yake hata hageuki. Ila soma kichupa kabla ya kulipa. Famasi wakikupa mchanganyiko wa vitamini B zote, rudisha. B12 iliyomo ni kidogo mno na sindano yake inauma, mbwa atakukimbia wiki ijayo.

Nini utegemee? Choo ndicho hubadilika kwanza, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza au ya pili: kinapungua, kinapata umbo, kinarudi rangi ya kahawia. Uzito hufuata kwa wiki kadhaa, na ile pupa ya chakula hutulia mwishoni. Mpime kila Jumapili: panda mzani umembeba, kisha panda peke yako, toa. Andika kwenye daftari, maana macho ya anayemwona kila siku hudanganya. Uzito ukitulia, punguza unga au kongosho kidogo kidogo mpaka upate kiasi cha chini kabisa kinachokiweka choo vizuri. Hapo ndipo gharama hupungua. Wengine hubaki wembamba kidogo maisha yao yote, wakiwa wachangamfu na manyoya yanang'aa. Hao wamepona kwa kiwango chao, usiwashindilie.

Baada ya mwezi bila mabadiliko, kagua haya kabla ya kukata tamaa: unga umepitwa na tarehe au umekaa kwenye joto, chakula kilikuwa cha moto, mlinzi amerudia mchezo wake, B12 haijapewa. Yote yakiwa sawa, huenda bakteria wamezidi utumboni kwa kushiba chakula kisichosagwa. Tailosini, dawa ya antibiotiki, husaidia baadhi ya mbwa, lakini kipimo akitoe daktari wako. Usichote kwenye pakiti ya dawa ya kuku kwa kukadiria. Hatua nyingine ni dawa ya kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli, ili vimeng'enya visiharibiwe njiani, na baada ya hapo ni kutafuta ugonjwa mwingine wa utumbo uliojificha nyuma ya huu. Wanaoshindwa kabisa wengi wao huonekana ndani ya mwaka wa kwanza. Mimi sihukumu kabla ya miezi mitatu ya matibabu kamili, na wiki zako tatu za kapsuli pamoja na dona siziingizi kwenye hesabu hiyo.

Dharura moja uijue. German Shepherd wenye ugonjwa huu wamewahi kupatwa na utumbo kujisokota. Tumbo likivimba ghafla, akilalamika kwa maumivu, fizi zikapauka, akashindwa kusimama, usingoje asubuhi wala usimpe chochote mdomoni. Hiyo ni safari ya upasuaji saa ile ile, na hata hivyo si wote wanaowahi.

Jirani wa pili mkatalie. Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo, ila haufuati njia iliyonyooka: watafiti wa Ufini waliwahi kuzalisha kwa makusudi German Shepherd wawili, wote wagonjwa, wakapata watoto sita, wakaugua wawili tu. Maana yake hakuna kipimo cha vinasaba cha kukuambia mtoto yupi amebeba nini, na watoto watakaoonekana wazima kwenye umri wa kuuzwa wanaweza kuanza kukonda mikononi mwa mtu mwingine wakifika miaka miwili. Mwarifu pia aliyekuuzia, ili aache kuwazalisha wazazi wake. Wako ahasiwe, lakini si sasa. Asubiri afikishe angalau kilo 28 na choo kiwe kimetulia, ndipo aingie chumba cha upasuaji.